Mkumbushaji wa Malkia

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kama karani wa nakala. Ndivyo mkataba ulivyosema: Idara ya Kiingereza, chuo cha wasichana, Doha. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, mwalimu niliyeiacha chaki huko Taita, na viatu vyangu vipya vilinibana. Siku hizo mtaa wa West Bay ulikuwa na winchi nyingi kuliko majengo. Ilipofika saa nne asubuhi mashine ya nakala ilikuwa imekwama, nami nimeipigia magoti nikivuta karatasi, niliposikia sauti nyuma yangu ikiniuliza kama najua kusoma kwa sauti.

Aliyeuliza alikuwa Mkuu wa Idara, profesa, mama wa Kiingereza mwenye nywele nyeupe na soksi zisizofanana.

"Najua, Madam. Nimefundisha miaka ishirini na miwili."

"Basi achana na hiyo mashine. Njoo."

Alinipeleka ukumbini, akanikabidhi daftari, akaniketisha pembeni mwa jukwaa nyuma ya pazia. Mkataba haukuwahi kubadilishwa. Karatasi ziliendelea kusema karani wa nakala, na mimi kwa zaidi ya miaka kumi nikawa mkumbushaji.

Ninyi vijana mnaopenda jukwaa huenda hamjaiona kazi hii, maana siku hizi kila mtu anategemea simu. Mkumbushaji hukaa mahali asipoonekana, mbele yake maneno yote ya mchezo. Mwigizaji akisahau, humpa neno la kwanza au mawili, basi. Ukimpa mstari mzima umemuumbua. Wala hanong'oni, kwa sababu mnong'ono hufika mpaka safu ya nyuma kuliko sauti. Husema kwa sauti ya chini ya kawaida, inayotoka kifuani, jinsi tunavyosemeshana matangani. Daftari lenyewe lina maneno ukurasa wa kulia, na wa kushoto ni mweupe, wa kuandikia nani anaingia wapi na taa ipi inazimwa. Huandikwa kwa penseli, kwa kuwa waelekezaji hawakawii kubadili mawazo.

Alama kubwa kuliko zote ilikuwa duara dogo, alama ya kimya. Mwigizaji ana kimya cha aina mbili: cha kusahau na cha kukusudia. Cha kukusudia hukubaliwa mazoezini, na mkumbushaji hukitilia duara ili asije akakiharibu. Profesa alinifundisha kuvitofautisha hata bila duara. Anayetafuta neno, koo lake hupanda na kushuka, macho yakakimbilia sakafuni. Anayenyamaza kwa kukusudia hutulia mpaka vidole.

Utaalamu wa Profesa ulikuwa michezo ya Waingereza ya miaka mia nne iliyopita, na katika hiyo alishughulika na kitu kimoja tu: malkia waliotungwa wawe mfano wa mtawala bora. Alinieleza kwamba zama hizo nchi yao ilitawaliwa na mwanamke kwa muda mrefu, na watunzi walijiuliza bila kuchoka mwanamke mwenye taji anapaswa aweje. Michezo yenyewe ilikuwa ya mistari yenye mizani kumi hivi na mara nyingi haina vina. Nilimwambia kwamba kwetu shairi la namna hiyo lingeitwa guni. Alicheka, akaliandika neno hilo kwenye kitabu chake, na kuanzia hapo kila mstari uliomuudhi akauita guni.

Kila mwaka tulicheza mchezo mmoja, na kila mwaka nilitoka nimechanganyikiwa kuliko mwaka uliotangulia. Malkia wa kwanza alikuwa bora kwa sababu alikataa kuolewa. Nchi ndiyo mume wake. Wa pili alikuwa bora kwa sababu aliwasamehe waliotaka kumtilia sumu. Wa tatu alivaa deraya akaenda vitani, akashinda, kisha akalia na kuomba radhi kwa kuvaa deraya. Wa nne ndiye aliyesifiwa kuliko wote, naye hakusema neno hata moja, kwa sababu aliletwa jukwaani akiwa ndani ya jeneza na wanaume watatu wakapokezana kumsifu.

"Madam," nilimuuliza tukikunja mapazia, "sasa aliye bora ni yupi?"

"Hapo ndipo penyewe, Mkamburi," akasema. "Hapo ndipo penyewe kabisa."

Akachukua mkoba wake akaenda zake. Hadi leo sijui kama alinijibu.

Jambo jingine lililonivuruga kichwa ni hili. Katika zama za michezo ile, majukwaa yale hayakuwa na waigizaji wa kike, kwa hiyo wavulana walivaa magauni wakawa malkia. Sisi ukumbini kwetu hatukuruhusu wanaume kutazama, kwa hiyo wasichana walichorwa masharubu ya wanja wakawa wafalme. Mlangoni askari wa kike, Wakenya wenzangu, walikusanya simu zote kwenye vikapu ili picha zisitoke nje. Akina mama waliingia, wakajipanga kwenye viti, wakawashangilia madume yenye hina mikononi. Nilijaribu kulipanga jambo hili akilini nikiwa ndani ya basi la kurudi mtaani kwangu, Fereej Bin Mahmoud, nikapitiliza kituo changu.

Nyumbani nilikaa chumba kimoja na Auma, aliyekuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay. Kabla ya hoteli alifanya kazi za ndani kwa madam watatu tofauti. Ijumaa moja tukipika nilimweleza habari za malkia wangu wanne. Alinisikiliza huku akikoroga sukuma.

"Mama Wakesho, mimi nimetawaliwa na wamama hii Doha mpaka nikachoka," alisema. "Sihitaji kuonyeshwa kwa stage. Malkia poa ni yule akiingia kitchen anasalimia kwanza. Hao wengine ni madam tu."

"Na akikosea?"

"Akikosea anasema pole. Lakini huyo hata kwa movie hajawahi kuwa."

Nilikwenda kumwambia Profesa. Akasema Auma amefika mbali kuliko vitabu vingi. Mwaka uliofuata alistaafu, akarudi kwao, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi akaletwa mwingine.

Huyu tulimwita Dakta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, na alivaa saa mbili, moja ya Doha na nyingine ya kwao. Sitamsema vibaya. Hakunifokea hata mara moja. Alinisomea majukumu yangu kutoka kwenye karatasi, akaniuliza kama nina swali, na aliyechelewa dakika tano alimwandika, awe mfagiaji au binti wa mkubwa. Haki yake haikuwa na upendeleo. Nilimheshimu na nilimwogopa, na sikujua kipi kilitangulia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa nimetimiza miaka hamsini na minane, bado miwili nistaafu kwa umri. Binti yangu Wakesho alikuwa amekuja Doha kama muuguzi, akaolewa na Mtaita mwenzetu anayefanya kazi ya kompyuta, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha baada ya mchezo wa mwaka ule. Dakta ndiye wa kuusaini. Asipousaini, kibali changu cha kuishi kinakwisha nao, na mimi niko kwenye ndege miezi mitatu kabla mjukuu hajazaliwa. Wakesho alikuwa ameshaniandalia godoro chumbani kwa mtoto. "Mum, mimi huzalisha wenzangu kila siku," aliniambia, "lakini yangu bila wewe naogopa."

Mchezo aliouchagua Dakta ulikuwa wa malkia wa kisiwa. Katika sehemu nne za mwanzo malkia huyo anatawala vizuri mno: anazima uasi, anawasamehe waasi, anafungua maghala wakati wa njaa. Sehemu ya tano anaolewa na mwana wa mfalme jirani. Katika mistari ishirini ya mwisho anavua taji, anamvika mumewe, na watu wote wanashangilia kwamba sasa ndipo amekamilika.

Malkia alichezwa na Noora, msichana mrefu mwenye sauti nzito, aliyekuwa akingoja barua ya sifa ya chuo ili akasomee maigizo ng'ambo. Maneno aliyajua kuliko mimi mwenye daftari. Lakini kila alipofika pale pa kuvua taji, alisimama. Anashika taji kwa mikono miwili, ananyamaza. Nampa neno la kwanza, anaendelea vizuri. Siku iliyofuata, yale yale. Koo lake halikupanda wala kushuka, na vidole vilitulia. Nami daftarini sikuwa na duara.

"Anasahau," alisema Dakta.

"Sidhani, Dakta."

"Kama hasahau, kuna alama ya kimya hapo?"

"Hakuna."

"Basi anasahau." Akaangalia saa moja, kisha nyingine. "Mkuu wa Chuo atakuja kutazama. Noora akisimama kwa pumzi tatu, mpe neno. Hiyo ndiyo kazi yako, na ndiyo nitakayoiandika."

Nilimfuata Noora chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amevaa abaya juu ya gauni la malkia, anakula chipsi za pakiti.

"Maneno unayajua. Mbona unasimama?"

"Khala," aliniambia. Ndivyo walivyoniita, yaani mama mdogo. "Wallah, sijui. Sehemu nne nzima naamini kila nisemalo. Nikifika pale, sielewi kwa nini anatoa taji. Hakuna aliyemwomba. Labda ana sababu. Nasimama niitafute."

"Na siku yenyewe utasema au hutasema?"

"Nitajua nikifika hapo."

Nilimwambia amwendee Dakta aombe duara. Alisema Dakta atamuuliza sababu, naye sababu hana. Nikatoka pale nikiwa sijui kama nimezungumza na msichana au na malkia.

Siku ya kwanza ya maonyesho ilikuwa baada ya alasiri. Ukumbi ulijaa manukato ya udi. Mkuu wa Chuo, mama wa Kikatari mtulivu asiyependa makofi ya bure, aliketi safu ya mbele. Sehemu nne zilikwenda salama. Ya tano ikafika. Noora akashika taji, akanyamaza.

Nikahesabu. Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ng'ambo ya jukwaa, kwenye giza la pazia, niliona mkono wa Dakta ukiinuka. Nilimfikiria Wakesho na godoro lake. Pumzi ya tatu ikaisha, nikatoa neno kwa sauti ya kifuani, kama nilivyofundishwa.

Noora aligeuza kichwa akanitazama. Hilo halifanywi. Mwigizaji hamtazami mkumbushaji hata nyumba ikiungua. Alinitazama kwa adabu kabisa, akasema kwa sauti yake nzito, ukumbi mzima ukisikia, "Nimesikia."

Kisha akaligeukia taji na kuendelea kunyamaza. Mumewe, msichana mwenye masharubu ya wanja, alikuwa amepiga magoti akingoja kuvikwa, na jasho lilianza kuyachuruza masharubu. Hakuna aliyejua la kufanya. Mwisho yule wa mapazia aliogopa, akavuta kamba, mchezo ukaishia hapo taji likiwa bado mikononi mwa malkia.

Nilijua nimekwisha. Ndipo nikasikia makofi, na wa kwanza kusimama alikuwa Mkuu wa Chuo. Alikuja nyuma ya jukwaa, akamshika Dakta mkono, akauliza nani alitoa ile sauti ya mshauri kutoka gizani. Alisema kwamba hajawahi kuona mtawala mwema akionyeshwa vizuri hivyo: anasikiliza ushauri, anashukuru, halafu hakurupuki. Angerudi kesho yake, na safari hii na wageni.

Alipoondoka yule mama, Dakta aliniambia, "Kesho fanyeni vilevile." Akachukua penseli yangu, akachora duara yeye mwenyewe.

Kesho yake tulikaa tayari. Wageni walijaa safu mbili za mbele. Mimi nilikuwa nimekunywa maji ya uvuguvugu ili sauti ya mshauri itoke nzuri. Sehemu ya tano ikafika. Noora akashika taji, nami nikafungua mdomo nihesabu pumzi, na kabla sijafika hata moja akaanza kusema. Alisema mistari yote ishirini bila kusita, taratibu, kwa upendo, akamvika mumewe taji, akapiga goti. Ilikuwa nzuri kuliko mazoezi yote. Mimi nilikuwa nimeduwaa na mdomo wangu wazi. Wageni walipiga makofi ya heshima, wakamtazama Mkuu wa Chuo, naye akatazama mikono yake.

Nilimkimbilia Noora. "Umefanya nini?"

Alikuwa analia na kucheka. "Khala, jana mliniambia nitoe, nikaona sitaki. Leo hakuna aliyeniambia. Nikaiona sababu yake."

"Sababu gani?"

"Alikuwa amechoka," alisema. "Basi. Alitawala vizuri, akachoka."

Mniwie radhi, lakini miaka yote hiyo kwa Profesa sikuwahi kusikia maelezo mepesi namna hiyo, na sikujua kama ni upuuzi au ndiyo elimu yenyewe.

Jumapili asubuhi Dakta aliniita ofisini. Juu ya meza palikuwa na mkataba wangu na fomu moja tupu. Mkuu wa Chuo alikuwa ameaibika mbele ya wageni, naye alitaka maelezo kwa maandishi.

"Nitaandika ukweli," alisema Dakta. "Nisaidie niujue. Siku ya kwanza Noora alisahau, au alikusudia?"

Nilielewa mara moja. Ikiwa alisahau, basi nilifanya kazi yangu vyema, na la siku ya pili linakuwa utovu wake wa nidhamu, kwa kuwa duara lilikuwepo akalipuuza. Barua ya sifa haitoki. Ikiwa alikusudia, basi mimi mwenye miaka kumi ya kutofautisha vimya hivyo nilikivunja kimya nilichokijua, maana agizo la pumzi tatu lilikuwa la anayesahau, na siku ya pili sikusema lolote. Mkataba hausainiwi. Dakta naye alielewa. Alisukuma mkataba kidogo upande wangu, nami nadhani alitaka niokoke.

Jibu nilikuwa nalijua. Niliona kalamu ya Dakta, nikaona tumbo la mwanangu, nikaona koo la msichana yule lililotulia. Dakta alingoja. Hakunihimiza, na kwa hilo namshukuru.

"Alikusudia," nikasema. "Nililijua hilo na bado nilisema. Kosa ni langu."

Aliandika polepole. Alinisomea alichoandika, kwa kuwa hiyo ilikuwa haki yangu: kwamba mkumbushaji alisema siku ya kunyamaza, akanyamaza siku ya kusema. Yote mawili yalikuwa kweli, nikatia sahihi. Kisha akavua miwani akasema, "Pole, Mkamburi. Pole sana." Nikamkumbuka Auma na malkia wake asiyepatikana hata kwenye sinema, nikawa sijui nimchukie huyu mwanamke au nimkumbatie. Tulishikana mikono.

Wakesho hakulia nilipomwambia. Ingekuwa afadhali angelia. "Kwa hivyo umechagua mtoto wa wenyewe, Mum," alisema, akaanza kulikunja lile godoro, na tumbo likimzuia kuinama. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Noora alipata barua yake, akaenda. Aliniandikia mara moja kunishukuru, na sikuwahi kumwambia nililipia nini.

Sasa niko Taita, nimestaafu kabla ya wakati, nafundisha maigizo katika shule ya wasichana hapa karibu mara moja kwa wiki. Wananiuliza malkia bora yukoje. Nawaambia nimewaona wengi jukwaani na watatu ofisini, na bado sijui. Mnapenda wazee tuwape jibu. Mimi jibu sina. Profesa aliuliza, Dakta akapima, Mkuu wa Chuo akapiga makofi mahali palipoharibika, na kila mmoja alinitawala vizuri kwa namna yake. Lililo wazi kwangu ni moja tu: nikiulizwa tena swali lile ofisini nitajibu vilevile, na itaniuma vilevile.

Mjukuu wangu alizaliwa bila mimi. Wakesho alipiga simu kutoka wodini, akaiweka karibu na mtoto, tukakaa wote wawili tukimsikiliza. Walikuja likizo mtoto akiwa tayari anatembea. Aliponiona aling'ang'ania sketi ya mama yake akapiga kelele. "Atakuzoea, Mum," alisema Wakesho, na lilikuwa neno lake la kwanza la upole kwangu tangu Doha. Kweli, siku ya tano alinizoea, akalala mapajani mwangu mchana kutwa. Siku ya saba likizo ikaisha, wakarudi.